Mstari, kituo, nyavu au kinasa sauti: uchague njia gani ya kuhesabu ndege wa porini

Tuseme kuna misitu miwili inayopakana. Wa kwanza umefunga. Ndege akiwa zaidi ya mita 30 kutoka uliposimama, humwoni wala humsikii tena. Wa pili umekatwa miti mingi, mwanga umeingia hadi chini, na ndege unamwona hata akiwa mita 80. Umesimama dakika tano katika kila msitu. Kwenye ule uliofunga umehesabu ndege 5, kwenye ule uliokatwa umehesabu 12. Ukiishia hapo utaandika kwamba msitu uliokatwa una ndege zaidi ya mara mbili. Lakini duara lenye nusukipenyo cha mita 80 lina hekta 2, na lile la mita 30 lina hekta 0.28 tu. Gawanya: msitu uliofunga una ndege 18 kwa hekta, uliokatwa una 6. Jibu limepinduka, na ripoti ya kwanza ingeweza kutumiwa kuhalalisha shoka.

Ndege uliowahesabu ni sehemu tu ya waliopo. Sehemu hiyo hubadilika kwa aina ya makazi, saa ya siku, upepo, spishi, na hata sikio la anayehesabu: milio myembamba ya juu ndiyo ya kwanza kupotea masikioni kadiri umri unavyosogea, na wengi hawajui kwamba imewapotea. Njia nne zinazolinganishwa hapa zinatofautiana hasa katika jambo hili, yaani zinawafanyia nini ndege ambao hukuwaona. Kwa hiyo kabla ya kununua kifaa chochote, andika swali lako kwa sentensi moja. Je, unataka kujua spishi zipi zipo? Wako wangapi kwa hekta? Wanaongezeka au wanapungua? Au wanapungua kwa sababu ipi? Maswali haya manne yanafanana kwa sura, lakini kila moja lina njia yake.

## Mstari na kituo

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, kwa sababu njia zote mbili zinahitaji darubini, daftari na masikio tu, na zote zinaweza kutoa idadi ya ndege kwa hekta.

Katika njia ya mstari unatembea polepole kwenye mstari ulionyooka, ukiandika kila ndege unayemwona au kumsikia upande wa kulia na wa kushoto. Katika njia ya kituo unasimama mahali pamoja kwa dakika zilizopangwa, unasikiliza na kutazama pande zote, kisha unahamia kituo kingine.

Kinachoamua kwanza ni ardhi. Panapopitika, kama mbuga za nyasi, vichaka vilivyoachana, fukwe na mashamba, mstari hushinda. Unakwenda kilomita 1 hadi 2 kwa saa, huna muda unaopotea bila kuhesabu, na ndege wanaojificha ardhini kama kware huruka wenyewe unapowakaribia. Mtu aliyesimama kituoni anaweza kukaa mita 10 kutoka kwa kware asimjue kabisa. Kwenye msitu mnene au mteremko wa miiba mambo hugeuka. Macho yako yako chini unapokanyaga, majani makavu yanalia chini ya viatu, na ndege mdogo anayeimba juu kwenye matawi unampita. Huko kituo ni bora: ukishasimama, masikio yote ni ya ndege.

Kinachoamua pili hakizungumzwi vya kutosha, nacho ni gharama ya kukosea umbali. Njia zote mbili zinakutaka ukadirie umbali wa kila ndege, kwa sababu kutokana na umbali huo unaweza kukokotoa ni sehemu gani ya ndege uliyoikosa. Kwenye mstari, eneo unalolihesabu hukua sawasawa na umbali. Ukikadiria umbali wote kwa asilimia 10 pungufu au zaidi, msongamano, yaani idadi ya ndege kwa hekta, nao unakosewa kwa kiasi cha asilimia 10. Kwenye kituo eneo ni duara, na duara hukua kwa kipeo cha pili cha nusukipenyo; kosa lilelile la asilimia 10 linafika kama asilimia 20. Tena karibu na kituo pana eneo dogo sana, hivyo rekodi nyingi hutoka mbali, palepale ambapo kukadiria ni kugumu. Ndiyo maana ili kukokotoa msongamano wa spishi moja unahitaji rekodi kati ya 60 na 80 kwa njia ya mstari, lakini kati ya 75 na 100 kwa njia ya vituo. Kwa spishi adimu, tofauti hiyo inaweza kuwa msimu mzima wa kazi.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu: kama unaweza kutembea kimya, chagua mstari. Vituo viwe chaguo la mahali ambapo mstari umeshindikana, au pale makazi yamekatikakatika vipande vidogo na unataka kila rekodi ifungamane na kipande chake.

Mstari una masharti yake. Uchore kwenye ramani kabla ya kwenda, kisha uufuate kwa dira au GPS. Usikubali barabara au kijia kiwe mstari wako kwa sababu ni rahisi kupita: njia ina mwanga, ina kingo, ina ndege wapendao pembezoni, na mara nyingi hufuata mgongo wa kilima na kuacha bonde. Umbali unaoandikwa ni ule wa pembemraba, kutoka kwenye mstari hadi pale ndege alipokuwa ulipomgundua mara ya kwanza. Aliyetua mita 60 mbele yako, juu ya mstari wenyewe, umbali wake ni sifuri, japo wengi huandika 60. Akiruka akakimbia ulipomkaribia, pima pale alipotoka. Alipokwenda kutua hapakuhusu. Na ndege walio juu ya mstari lazima usiwakose, kwa sababu hesabu nzima inachukulia kwamba umewaona wote waliokuwa hapo. Msituni, wale walio kileleni juu ya kichwa chako ndio rahisi kuwakosa, basi simama kila baada ya mita kadhaa uinue uso.

Kama timu yako haijazoea kukadiria, tumieni mikanda, yaani mafungu ya umbali, badala ya mita kamili. Utafiti wa ndege wanaozaliana Uingereza, unaofanywa na watu wa kujitolea tangu mwaka 1994, hutumia mistari miwili ya kilomita 1 katika kila mraba wa kilomita 1, mizunguko miwili kwa msimu, na mikanda mitatu tu: chini ya mita 25, mita 25 hadi 100, na zaidi ya mita 100. Wanaopita angani bila kutua huandikwa pembeni. Mikanda pia huondoa tabia ya kuviringisha namba. Daftari lililojaa 10, 20, 50 na 100 huku likiwa halina 13 wala 37 linaonyesha mtu aliyebahatisha. Kipima umbali cha leza kinasaidia sana, lakini hakimpimi ndege unayemsikia tu. Kwa huyo pima mti unaodhani amekaa.

Kwa vituo, jambo linalopuuzwa ni kutulia. Ukifika, subiri dakika 1 hadi 2 kabla ya kuanza, ndege uliowashtua warudie shughuli zao. Lakini kama ulimwona mmoja akikimbia ulipoingia, mwandike, na upime pale alipokuwa. Kisha hesabu kwa dakika 5 au 10. Wengi hudhani 10 ni bora daima. Kwa kutafuta spishi, ndiyo. Kwa msongamano, hapana: kadiri unavyokaa, ndege wengine wanaingia ndani ya duara lako wakiwa katika pilika zao, nawe unawahesabu kana kwamba walikuwapo wote kwa pamoja, na msongamano unavimba. Kwa swali la "wangapi" tumia dakika 5.

Umbali kati ya kituo na kituo uwe mita 200 hadi 250 msituni, na zaidi ya hapo kwenye uwazi, maana sauti hufika mbali na ndege mmoja anaweza kuingia katika vituo viwili. Ukipiga hesabu ya muda, kutulia dakika 2, kuhesabu 5 na kutembea 8, kila kituo kinakula robo saa. Kuanzia jua linapochomoza una saa tatu na nusu za maana kabla milio haijapungua, yaani vituo 14. Mpango unaosema vituo 25 kwa asubuhi moja, mtu mmoja, kwa miguu, umeandikwa na mtu ambaye hajatembea msituni.

Mfano mkubwa wa vituo ni utafiti wa ndege wanaozaliana Amerika Kaskazini, ulioanza mwaka 1966. Kila njia ina vituo 50 kando ya barabara, vikiachana kwa kilomita 0.8 hivi, dakika 3 kwa kila kimoja, na huhesabiwa ndege wote waliosikika, pamoja na wale walioonekana ndani ya mita 400. Ni njia yenye kasoro za barabara zilizotajwa hapo juu, na haidai kutoa idadi kamili. Nguvu yake ni kurudiwa vilevile mwaka hadi mwaka. Takwimu zake zilikuwa uti wa mgongo wa uchambuzi wa mwaka 2019 ulioonyesha kwamba bara hilo limepoteza karibu ndege bilioni 3 tangu mwaka 1970, wengi wao wakiwa wa spishi za kawaida ambazo wengi hawakudhani ziko hatarini.

## Nyavu na pete

Wavu wa kunasia ndege una uzi mwembamba mweusi, urefu wa mita 12 kwa kawaida na kimo cha mita 2.5 hivi, umegawanywa kwa kamba za mlalo ili kila tabaka liwe na mfuko. Ndege anaugonga, anateleza, anaangukia mfukoni. Anatolewa, anapimwa, anavishwa pete yenye namba mguuni, anaachiwa. Kazi ya pete za namba ilianza mwaka 1899 nchini Denmark, pale Hans Christian Mortensen alipowavisha pete kwezi.

Kama swali lako ni "wangapi", usichague nyavu. Ndege 40 waliokamatwa asubuhi moja hawasemi lolote kuhusu hekta. Wavu hukamata wanaoruka chini ya mita 3 na kuwaacha wa kileleni. Humpendelea anayezungukazunguka kuliko anayetulia. Humpoteza mkubwa anayedunda na mdogo anayepenya matundu. Na ndege aliyekwisha kunaswa hujifunza ulipo, hivyo siku ya pili na ya tatu idadi hushuka hata kama hakuna aliyeondoka.

Lakini kwa swali la nne, "kwa sababu ipi", nyavu hazina mpinzani. Spishi ikipungua, mstari utakuonyesha kwamba inapungua, basi. Hautakuambia kama wakubwa wanakufa au makinda hayafiki umri wa kuruka. Ndege akiwa mkononi unamtambua umri kwa manyoya yake, unapuliza tumbo na kuona kiraka kilicho wazi cha kuatamia, unapima uzito na mafuta, unaona kama anabadilisha manyoya. Akinaswa tena mwakani, umepata kipande cha hesabu ya uhai. Kwa kufananisha wachanga na wakubwa mwishoni mwa msimu unajua kama uzazi ulikwenda vizuri, na kwa wanaorudi mwaka hadi mwaka unakadiria wangapi wameishi.

Sharti lake ni juhudi isiyobadilika: nyavu zilezile, mahali palepale, saa zilezile. Mpango wa Amerika Kaskazini ulioanza mwaka 1989 hutumia nyavu 10 hivi za mita 12, kwa saa 6, mara moja katika kila siku 10 za msimu wa kuzaliana. Uingereza ina mpango wa namna hiyo tangu mwaka 1983. Juhudi huandikwa kwa saa za nyavu: nyavu 10 kwa saa 6 ni saa 60. Ukifunga nyavu tatu kwa mvua ukasahau kuandika, siku hiyo imeharibika.

Hii pia ndiyo njia pekee kati ya hizi nne inayoweza kumuua ndege mikononi mwako. Karibu kila nchi inadai kibali, na ujuzi wa kumtoa ndege wavuni hujifunzwa mkono kwa mkono kwa mwalimu mwenye leseni, maandishi hayatoshi. Nyavu hukaguliwa kila baada ya dakika 20 hadi 30, mapema zaidi jua likiwa kali au baridi ikiwa kali. Mvua ikianza zinafungwa mara moja, kwa sababu ndege aliyelowa hupoteza joto haraka. Mfuko wa chini uinuliwe usiguse nyasi, maana siafu na nyoka hufika kabla yako. Pete kubwa kupita kiasi huteleza hadi kwenye vidole, ndogo hukaza mguu. Saizi hufuata jedwali la spishi, usikisie kwa jicho. Ndege akihema mdomo wazi, akifumba macho au akijitutumua manyoya, aachiwe bila kupimwa, hata kama ni yule uliyemsubiri msimu mzima. Na wakinaswa wengi kuliko mikono iliyopo, funga nyavu kwanza, kisha ndio uendelee kuwatoa.

## Kinasa sauti

Kifaa kidogo kinafungwa mtini, kinawaka chenyewe kwa ratiba, kinarekodi wiki kadhaa bila mtu. Kwa kutafuta ndege wa usiku, waoga, au wanaolia mara chache, hakuna mtu anayeweza kushindana na masikio yanayokaa macho alfajiri 30 mfululizo. Na rekodi hubaki: mtu mwingine anaweza kuisikiliza baada ya miaka 20 na kukusahihisha. Mstari hauna faida hiyo. Ulichoandika kimakosa kimeandikwa.

Mpangilio unaofaa kwa kazi nyingi ni sampuli 48,000 kwa sekunde, yaani 48 kHz, biti 16, chaneli moja, faili za WAV, yaani sauti isiyobanwa. Hiyo inanasa sauti hadi 24 kHz, na ndege wengi huimba kati ya 1 na 8 kHz, hivyo nafasi ipo tele. Usitumie MP3 kuokoa nafasi, kwa kuwa hukata sehemu za sauti ambazo uchambuzi utazihitaji. Saa moja ya mpangilio huo ni megabaiti 346 hivi. Ukirekodi dakika 1 katika kila 10, usiku na mchana, unapata dakika 144 kwa siku, karibu megabaiti 830. Kadi ya gigabaiti 64 itadumu siku 75 hivi, na huenda betri zikaisha kabla yake. Kurekodi kidogokidogo kwa siku nyingi hukupa spishi nyingi kuliko kurekodi mfululizo kwa siku tatu, kwa sababu siku tatu zinaweza kuwa zote za upepo.

Kifunge mita 1.5 hadi 2 kutoka ardhini, kwenye mti mwembamba ili shina lisizuie sauti za nyuma. Kata vijani vinavyoweza kugusa maikrofoni. Jani moja linalopapasa likipigwa na upepo huharibu wiki nzima. Weka saa ya kifaa iwe sahihi kabla ya kukiacha. Epuka kandokando ya maporomoko na mito yenye kishindo. Na waambie watu wanaopita hapo kwamba kuna kifaa, kwa sababu kinanasa mazungumzo yao pia.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba kinahesabu milio, hakihesabu ndege. Tetere mmoja aliyelia mara 300 na tetere 30 waliolia mara kumi kila mmoja huacha faili zinazofanana. Tai hawalii mara kwa mara, korongo wengi ni kimya, na majike wa spishi nyingi hawaimbi kama madume. Nyenje wakianza, ndege wa masafa yaleyale wanafunikwa na unaweza kudhani wameondoka.

Kazi nyingine huanza baada ya kurudi, na hapo ndipo miradi inapofia. Vinasa sauti kumi vikirekodi dakika 144 kwa siku kwa siku 30 hutoa saa 720 za sauti. Kuzisikiliza ni miezi minne ya kazi ya ofisini kwa mtu mmoja. Programu kama BirdNET, iliyotengenezwa na maabara ya ndege ya Cornell pamoja na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Chemnitz, huchambua sauti na kutoa jina la spishi pamoja na alama kati ya 0 na 1. Alama hiyo si uwezekano wa kuwa sahihi: 0.7 ya spishi moja yaweza kuaminika kuliko 0.9 ya nyingine. Kwa kila spishi unayoijali, chukua vipande 50 hivi vyenye alama za juu, za kati na za chini, visikilize mwenyewe, uone makosa yanaanzia wapi, kisha weka kizingiti chako hapo. Spishi ambayo programu haikufundishwa mara nyingi haiachwi bila jina. Hubandikwa jina la nyingine inayofanana nayo. Kwa hiyo rekodi yoyote ya ajabu, ya ndege asiyejulikana kuwapo, isikilizwe na watu wawili kabla ya kuingia kwenye orodha.

## Zikiwekwa bega kwa bega

| | Mstari | Kituo | Nyavu | Kinasa sauti |
|---|---|---|---|---|
| Swali linalojibiwa vizuri | Wangapi, mwelekeo | Wangapi msituni, mwelekeo | Kwa nini wanapungua | Nani yupo |
| Watu | 1 au 2 | 1 au 2 | 3 au zaidi, wenye leseni | 1 wa kufunga na kukusanya |
| Ujuzi unaohitajika | Milio na umbali | Milio na umbali, zaidi ya mstari | Kushika ndege, kusoma manyoya | Milio na kompyuta |
| Kazi baada ya porini | Ndogo | Ndogo | Ya kati | Kubwa sana |
| Wanaokosekana | Wanaokimbia kabla hujafika | Wanaojificha kimya | Wa kileleni, wakubwa | Wasiolia |
| Hatari kwa ndege | Ndogo mno | Ndogo mno | Ipo | Hakuna ya maana |

## Ndege ambao njia hizi haziwafai

Ndege wa maji walio ziwani kwa maelfu, kama heroe na bata, huhesabiwa kutoka sehemu za kutazamia zilizopangwa. Hesabu ya kimataifa ya ndege wa maji imekuwa ikifanyika hivyo kila Januari tangu mwaka 1967. Kundi kubwa halihesabiwi mmoja mmoja: hesabu ndege 50 kwa makini, ushike ukubwa wa fungu hilo machoni, kisha lihamishe juu ya kundi zima. Piga picha pia, uhesabu baadaye kwenye kioo. Wengi hupunja makundi makubwa, na picha itakuonyesha kwa kiasi gani.

Bundi na ndege wengine wa gizani wanahitaji usiku. Kuna wanaowachezea milio iliyorekodiwa ili wajibu. Inafaa, ila icheze kwa muda mfupi, nyamaza usikilize, na uache mara tu akijibu. Ndege anayeendelea kupigana na mpinzani asiyekuwapo anaacha kulisha na kuatamia. Ndege wanaozaliana kwa makoloni huhesabiwa viota, kwa mbali, bila kuingia katikati, kwa kuwa wazazi wakiruka wote kwa pamoja, kunguru na jua hupata nafasi kwenye mayai.

Na kama una wiki moja tu katika msitu usiojulikana, orodha za spishi 10 zinatosha. Tembea popote, andika kila spishi mpya hadi zifike 10, funga orodha, anza nyingine bila kujali zilizotangulia. Spishi inayotokea katika orodha 18 kati ya 30 ni ya kawaida kuliko inayotokea katika 2. Haikupi msongamano, ila mtu mwenye kasi na mtu wa polepole hupata majibu yanayokaribiana, jambo ambalo ni nadra.

## Kuchagua kulingana na ulichonacho

Kikundi cha watu wa kujitolea, wachache wakiwa wanajua milio, wanaotaka kujua kama ndege wa eneo lao wanapungua: mistari, yenye mikanda mitatu, mara mbili kwa msimu. Bora mistari 20 inayorudiwa kila mwaka kuliko 60 ya mwaka mmoja. Iwekwe kwa kura kwenye ramani. Mkiiweka penye ndege wengi tu, mtaona kupungua hata kama hakuna, maana mahali palipokuwa bora mwaka wa kwanza pana nafasi kubwa ya kushuka kuliko kupanda.

Hifadhi yenye msitu mnene na ndege adimu anayesakwa: vinasa sauti kwanza, miezi miwili, ili kujua yuko mabonde yapi. Kisha vituo kwenye mabonde hayo tu. Kuanza na vituo msitu mzima ni kutumia asubuhi nyingi kuandika shore na njiwa.

Kituo cha utafiti chenye watu wenye leseni na uhakika wa kuwapo miaka mitano au zaidi: nyavu za juhudi ileile, pamoja na vituo pembeni yake vya kuonyesha wa kileleni. Bila uhakika wa miaka mitano, usianze. Uhai wa ndege haukokotolewi kwa msimu mmoja, na kuwashika bila kupata jibu ni kuwasumbua bure.

Mwanafunzi mwenye miezi mitatu na darubini: mstari kama ardhi inaruhusu, vituo kama hairuhusu. Wiki ya kwanza yote iwe ya kujifunza milio na kupima umbali. Weka vijiti kwenye mita 10, 25, 50 na 100, ukariri zinavyoonekana, halafu urudi kujipima kila Jumatatu, kwa sababu jicho hulegea.

Vyovyote utakavyochagua, kila karatasi iwe na tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, jina la aliyehesabu, mawingu, na upepo. Upepo ukianza kutikisa majani na vitawi bila kupumzika, acha kazi. Mvua ikizidi manyunyu, acha. Wahesabuji wazungushwe, asiwe mmoja wa msituni daima na mwingine wa shambani, la sivyo utalinganisha masikio ukidhani unalinganisha makazi. Na kituo ambacho hakikuwa na ndege kiandikwe sifuri, kwa kalamu, na saa yake. Kikiachwa wazi, atakayefungua daftari baada ya miaka kumi hataweza kujua kama ndege hawakuwapo au ni wewe ambaye hukufika.